Nguzo Zinazoning'inia

...na asimalize, Mungu wangu, Wilson asimalize, aendelee na simenti yake ya kuziba ufa wa ndiva, bwawa lao la kule juu, maana akinyamaza tu mwenyekiti atasema haya, mjumbe wa mashamba ya chini, na mjumbe ndiye yeye, Lea, hapa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa, mtoto mgongoni, karatasi ya manila imeviringishwa mapajani, wanawake wa chini wamemtuma, nenda Mama Tuma, wewe una chati, katuombee zamu moja tu ya asubuhi kwa wiki, maji yakiwa na nguvu, siyo haya ya jioni yanayofika kwa Bibi Agatha, shamba la mwisho kabisa, yakiwa jasho tu... na zamu zinapangwa leo, ikipita leo ni mpaka msimu mwingine, maharage ya Bibi yameshaanza kukunja majani... "Mchanga tutaubeba wenyewe kwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu," anasema Wilson, "wa kubeba kwa mdomo namjua, simtaji," na ukumbi unacheka, Wilson hana hata kipande cha karatasi, hajawahi kuwa nacho, bibi shamba Careen aliwaambia kwenye semina kule Same kwamba kila mtu ana tabia yake mbele za watu, mwongeaji haipendi chati kwa sababu watu wakiitazama chati hawamtazami yeye, na mkimya anaipenda kwa sababu hiyo hiyo, semina nzima ikageuka kumtazama Lea, akacheka kanga ikiwa mdomoni... Zephania naye ni mwongeaji, mume wake huyo, jana jikoni akamwambia, "Mama Tuma, chati ya nini? Si useme tu maji hayatoshi, basi?" "Kwako ni basi, Baba Tuma, mimi nikishasema 'maji', hiyo 'hayatoshi' nimeshaisahau," akacheka mpaka mtoto akaamka, kisha akashika pembe za karatasi isijiviringe wakati Lea anachora, mtu asiyependa chati, akaishikilia mpaka chai yake ikaota utando... nguzo moja kwa kila jioni ya zamu yao, urefu wa nguzo ni pale maji yalipoishia, na Careen alifundisha nguzo zisimame kutoka chini kama nyumba, ndivyo alivyochora mwanzo, Bibi Agatha akaitazama, akageuza kichwa, "Mjukuu wangu, haya maji yanapanda mlima?" jamani, walicheka, lakini ni kweli, maji ya Upare tangu lini yakaanzia chini, basi akachora upya, ndiva juu, nguzo zikaning'inia kuja bondeni, moja tu imefika kwa Bibi, nyingine zote zimekatikia njiani, na Careen alipopita leo asubuhi akaitazama, akasema, "Iache hivyo hivyo," hakumrekebisha mbele ya watu, akamwachia na kalamu yake ya bluu... ataibandika ukutani, mbali, asimame pembeni kabisa, au aishike mbele ya uso kama mtu aliyejisitiri na kanga akitoka kuoga, watazame nguzo, wasimtazame yeye... lakini Mzee Hezroni yule pale mbele, mashamba yake ndiyo ya juu, asubuhi ni yake tangu enzi za baba yake, akikataa yeye nusu ya ukumbi itakataa, na miwani ile iliyofungwa uzi, mpaka ukutani haifiki, atasema sijaona, na hatakuwa amedanganya, maneno nayo hayaamini, alishamwambia Wilson hapa hapa, "Maneno matamu hata chiriku anayo," sasa huyo ni mtu wa aina gani, Dada Careen hakumtaja, si wa maneno, si wa picha, ni mtu wa kidole, Biblia anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari... na ile asubuhi, Tuma akiwa mchanga kabisa, Zephania ameenda kibarua Mwanga, akasikia maji nyuma ya nyumba, maji, asubuhi, akatoka ameshika ukuta, akamkuta Mzee Hezroni ameinama kwenye matuta ya Lea, ameteremsha maji ya zamu yake mwenyewe, anachomeka kidole kwenye udongo aone kama umelowa, "Rudi ndani, mwanangu, upepo huu si wa mzazi," basi, hakusema kingine, wala hajamsimulia mtu mpaka leo... "Na kokoto," anasema Wilson, "jamani tusisahau kokoto," mtoto anajinyoosha mgongoni, anatulia... sasa ukutani kwa nini, si ataichukua mpaka pale mbele, shikamoo baba, aitandaze juu ya magoti yake, na wamtazame Lea wakitaka, uso mtupu, ni watu hawa hawa waliomkatia kuni alipojifungua, yeye atapiga goti tu na kushika pembe isijiviringe, amwache mzee aanzie juu kwenye ndiva, kidole kishuke polepole na rangi ya bluu, kikwame pale inapokatika, atainua miwani, atauliza hapa ni kwa nani, na jibu lake halihitaji mwongeaji, anaweza hata yeye... bado hujafika kwa Bibi, baba, teremka kidogo.