Chura wa Kwembazi Hajatafutwa

Saa tisa alasiri macho yananigomea. Tangu asubuhi nimejaza hali za spishi mia mbili na kumi, huyu yuko salama, huyu yuko hatarini, na kwenye kanzidata kimebaki kisanduku kimoja tu: chura wa bonde la Kwembazi. Ripoti yake haijaja miaka mitano, na kila mwaka nimefanya kama tunavyofanya wote hapa ofisini, ripoti isipokuja unanakili ya mwaka jana. Safari hii mkuu wangu, Bwana Shekiondo, kasimama mlangoni: Nakijwa binti yangu, andika Ametoweka, tufunge kazi. Nikiandika hivyo walinzi wa bonde wanaondolewa, na wenye misumeno wanaingia kabla mwezi haujaisha. Nalaza paji la uso juu ya mkono, kidogo tu, na dawati linakuwa barabara.

Natembea. Barabara inanipeleka mjini, na mji unanipeleka mji uleule, nyumba zilezile, dirisha lilelile lililovunjika, paka yuleyule ukutani, na kila lango lina kibao: Imejazwa na Nakijwa. Kando yangu anatembea mtu asiye na uso, mahali pa uso pana ngozi tupu. Huu mji gani? Wa mwaka jana, anasema. Na ule? Wa mwaka jana wake. Anakaa nani humu? Aliyehesabiwa mara moja, akazaliwa mara tano kwa kalamu. Acha mafumbo, nimechoka. Umechoka na nini, nawe hujaenda popote? Natembea, miguu mizito kama nimebeba makabati, mji, mji, tena mji, hadi mmoja ambao mvua inanyesha kweli na tope linanuka. Kizingitini ameketi mama mtu mzima anakwangua buti zake. Ni Bi Mwanaidi Shemboza, mtafiti wa mwisho kufika Kwembazi kabla hajastaafu. Shikamoo, Bi Mwanaidi. Marahaba. Ananitazama miguuni, anacheka mpaka anakohoa. Mwanangu, viatu safi hivyo, na wewe ndiye unayehesabu vyura? Mimi niliwasikia watatu, anasema, wanaita chini ya mawe, na baada yangu hajaja mtu. Sasa mnataka kumzika bila kumtafuta? Mkuu kaniamuru. Ala! Mkuu alikwenda kumwita, chura akakataa kuitika? Asiye na uso ananinyooshea kalamu. Kisanduku kiko ukutani, cheupe, kikubwa kama mlango. Mkono unaniuma hadi begani. Naandika: Hajatafutwa. Watu wapelekwe.

Naamka, au mji umebadilika tena, sijui. Maneno yapo kwenye skrini, yameshafika makao makuu, na sikumbuki vidole vyangu vikigusa herufi hata moja. Bwana Shekiondo anapiga meza. Umetuvua nguo, Nakijwa! Wanauliza miaka mitano yote tulikuwa tunafanya nini. Piga simu sasa hivi, omba radhi, sema ulisinzia. Naigusa meza, ni ngumu, lakini barabara nayo ilikuwa ngumu. Nitapiga, namwambia, niwaeleze kwamba nilikuwa nanakili, na kazi ikiniponyoka basi iponyoke. Lakini kwa nilichoandika leo, iwe nimekiandika huku au kule, siombi radhi.