Jina Chini ya Bakuli

Mwaka 1957 nilikuwa nazunguka Pennsylvania nikipaka nyumba rangi. Lucius Tolliver, mchomelea vyuma, mweusi kama mimi, aliniita nimpakie nyumba aliyonunua Fairhollow, mtaa wa wazungu pekee. Kabla hajahamia, jirani yake Verna Kessler alinikuta juu ya ngazi, akanipa bakuli la tambi na samaki, la moto kutoka jikoni kwake. Pale mgeni hupokelewa hivyo.

"Mpe bibi mwenye nyumba," akasema. Kwake mimi nilikuwa fundi tu. Bibi mwenye nyumba kuwa mweusi hakukumpitia kichwani, nami sikumwambia.

Jumamosi mchana, Lucius akiwa na siku ya tatu mle ndani, nami nikimalizia rangi, watu kama mia mbili walijaa mbele ya nyumba. Polisi wawili waliegemea gari lao wakivuta sigara.

"Toka, Tolliver! Toka kwa miguu yako, la sivyo tutakuburuta kwa miguu hiyo hiyo!"

"Sitoki!" Lucius akajibu.

Mkewe, Ardella, alikuwa jikoni na lile bakuli, amelisugua likang'aa. "Chombo cha mtu lazima nikirudishe."

"Ardella, una wazimu? Wanataka kutuua," Lucius akasema.

"Watuue, lakini wasiseme niliiba bakuli."

Jiwe likavunja dirisha. Mlango ukang'olewa, wakaingia wanne. Mmoja alinipiga teke la mbavu nikaanguka. Mwenye shingo nene, Dutch, akanyakua bakuli alirushe ukutani, akaona plasta yenye jina chini yake. Wanawake wa pale huandika majina yao hivyo, vyombo visipotee.

"Howard Kessler!" akaita nje. "Njoo! Kumbe mkeo anawapikia!"

Nje wakaangua kicheko. "Howard, na wewe siku hizi unakula huku?"

Howard, karani mwenye miwani, akaingia. "Alikosea. Naapa hakujua."

"Basi tuonyeshe." Dutch akamtia rungu la besiboli mkononi.

Howard akampiga Lucius begani. Akampiga tena, mkono ukavunjika, nikausikia. Pigo la tatu lilimpata mdomoni. Sasa alikuwa anapiga huku analia.

Verna akaingia mbio. "Howard, acha! Sikukosea! Nilijua ni wao!"

Alidanganya. Mimi najua alidanganya.

Mumewe akageuka akamchapa kofi akaanguka. Hapo Ardella akashika kikaango cha chuma, akampiga Howard kwenye taya.

Ndipo polisi wakaja mbio ndani. Wakamkunja Ardella mikono nyuma. Mmoja akamwinamia Lucius: "Hama leo, namwachia mkeo. Ukikaa, analala mahabusu."

Lucius akamtazama mkewe.

"Usithubutu," Ardella akasema. "Nitalala huko. Wewe usitoke humu."

Wakamburuta hadi garini, watu wakimtemea mate. Lucius akajikokota kwa mkono mmoja hadi pale mlango ulipokuwa, akaketi, akatema jino.

"Haya," akawaambia. "Nani mwingine?"

Nikaenda nikaketi kando yake.