Kabla ya Kushika Waya

"Kitendawili!" alisema Bibi Pasi. "Itikia basi, usinitazame tu. Haya: nina mgeni. Anakula changu, analala kwangu, ananipiga mateke nikiwa nimechoka, na sura yake sijaiona hata mara moja."

"Mume wangu!" alidakia mama mmoja mwenye kikapu cha mashuka, na duka zima la dobi likaangua kicheko.

"Wa kwako sura yake huioni?" Bibi Pasi alimuuliza, huku akinyunyizia maji kola ya shati.

"Anarudi nimeshalala, anaondoka sijaamka. Nitaionea wapi?"

"Basi huyo si mgeni, huyo ni mpangaji. Mdai kodi." Bibi Pasi alishusha pasi, mvuke ukapanda, naye akasema kutoka ndani ya mvuke ule, "Ni mtoto aliye tumboni. Mwanangu amenipa habari hiyo jana."

Vigelegele vilivyopigwa viliwafanya hata wapita njia wachungulie. Bibi Pasi alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimjua kwa kazi yake, na kwa jambo la pili ambalo halikuwa kazi. Ilisemekana kwamba anaweza kumtazama mja mzito akiweka furushi lake la nguo sakafuni, akajua amebeba nini. Anayeinama kwa kiuno ana wa kiume. Anayeshuka kwa magoti ana wa kike. Ilisemekana pia kwamba hajawahi kukosea, kwa kuwa waliojifungua kinyume cha utabiri wake walikuwa na adabu ya kutorudi kumkumbusha.

"Haya, na wa kwenu je?" akaulizwa. "Mwanao ameweka furushi vipi?"

"Dume hilo!" Bibi Pasi aliipiga meza kwa kiganja. "Akija wa kike tunamrudisha alikotoka, akabadilishwe."

Wakacheka tena. Aliyekuwa kimya ni mwanamke mmoja tu, amesimama karibu na mlango akisubiri magauni yake meupe ya kazi. Alikuwa muuguzi, mshauri wa kliniki ya wajawazito. Alipokea magauni yake, akasema asante, akatoka.

Sasa nikudokeze jambo ambalo wenye kicheko hawakulijua. Mzaha ule ulikuwa umevaliwa ndani nje. Bibi Pasi hakumtaka wa kiume. Usiku aliolala na habari ile aliomba, kwa maneno machache na bila kupindapinda, aletewe msichana. Kulitaja jambo kinyume chake, tena kwa kelele, kulikuwa kwake namna ya kulifukuza, kama mtu anayeimba akipita mahali pa giza.

*

Bintiye alikuwa fundi umeme, na kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe wanapogombana. Alikuja jioni akiwa bado amevaa mkanda wa vifaa, ameulegeza kidogo. Alikaa juu ya mfuko wa mashuka machafu, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye shabaha.

"Mama, kuna kipimo. Wanachukua damu yangu mimi, hapa mkononi, mimba ikiwa bado changa. Ndani yake mna vijipande vya mtoto. Wanaweza kuona baadhi ya kasoro za kurithi, na wanaweza kujua kama ni wa kike au wa kiume."

"Hilo nalijua bure. Inama uokote kiatu chako nikuambie."

"Mama."

Alikuwa na namna ya kulitamka neno hilo iliyozima redio. Bibi Pasi aliiweka pasi kwenye kisahani chake.

"Nauliza kwa sababu ya kaka," alisema Fundi.

Kaka yake huyo Fundi alimkumbuka kidogo sana: masikio makubwa, na kiti kidogo nyuma ya meza ya kupigia pasi ambako mtoto yule alikalishwa siku nzima akikunja soksi za watu, wakati wenziwe wanapiga kelele barabarani. Alikufa kabla Fundi hajaanza shule. Nyumbani haikuwa siri. Ilikuwa picha ukutani ambayo kila mtu aliipita bila kugeuza shingo.

"Ugonjwa wa damu kutoganda," alisema Fundi, "unapita kwa mama, unawaangukia wavulana. Huenda na mimi ninao, nimeubeba tu. Nikiwa na msichana, hofu kubwa imeondoka. Nikiwa na mvulana, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa siyo, lakini lazima nizae mahali palipojiandaa."

"Na usipopima?"

"Nitazaa kwa kubahatisha."

"Wote tumezaa kwa kubahatisha, mwanangu. Mtoto ni fumbo. Ukilifumbua kabla ya wakati wake, unabaki na nini cha kungojea?"

"Mimi kazini sishiki waya kabla ya kuupima," alisema Fundi. "Si kwamba nauogopa. Nikishaupima ndipo ninapoushika kwa mkono mzima." Aliinuka, akaokota viatu. Mlangoni aligeuka. "Nikuulize, mama. Ungejulishwa mapema kuhusu kaka, angali tumboni, ungefanya nini?"

Bibi Pasi alikunja shati lililokuwa tayari limekunjwa. Maisha yake yote alikuwa yeye ndiye mtegaji, wengine ndio wenye kukuna vichwa. Fundi akasema tuonane kesho, akaenda zake.

*

Kesho yake hakuja jioni. Alikuja mchana, hana mkanda wa vifaa, amekaza taya.

"Wamenikatalia."

"Nani? Kwa lipi?"

"Yule mshauri. Anasema kliniki yao haimtajii mtu jinsia kwa sababu ya hamu tu. Nikamwambia habari za kaka. Akaniuliza nani ana uhakika kwamba ulikuwa ugonjwa huo, nikasema mimi nilikuwa mdogo. Akaniuliza, 'Familia yenu inataka mtoto gani?' Nikasema yeyote." Fundi alimtazama mama yake. "Akaniambia, 'Sivyo nilivyosikia dukani kwa mama yako. Nimesikia wa kike atarudishwa alikotoka.'"

Pasi ilikuwa juu ya suruali. Harufu ya kitambaa kilichoanza kuungua ndiyo iliyomzindua Bibi Pasi. Akaiinua, akaikuta alama yenye umbo la mtumbwi, ya rangi ya chai. Katika miaka yake yote ya kazi, nguo alizowahi kuunguza zingehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ulikuwa mzaha," alisema.

"Najua ulikuwa mzaha! Ila yeye hajui, na mlango ameufunga yeye."

Mume wa Fundi, seremala mpole asiyependa kelele, alikuwa amemsindikiza mkewe na kusimama kando ya kizingiti. Alijikohoza. "Mama, mimi kitanda nakitengeneza kilekile, wa kike au wa kiume. Lakini mwenzangu hapati usingizi. Anahesabu boriti za paa."

Bibi Pasi aliitazama ile suruali. Alijiuliza anaona haya kwa ajili ya nini: ulimi wake, au kule kujificha nyuma ya ulimi. Watu walimwita jasiri kwa kuwa alicheka. Kumbe kicheko nacho ni pazia, na yeye alikuwa amelifua na kulipiga pasi miaka mingi hata likang'aa, bila kuthubutu kulifungua.

"Mwenye suruali nitamnunulia nyingine," alisema. Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Asubuhi nafunga duka. Tunakwenda wote."

*

Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilitazama ukumbi wa kungojea. Gauni la mshauri lilikuwa limenyooka vizuri. Bibi Pasi alilitambua kwa mikunjo ya mabega, kazi yake mwenyewe, na jambo hilo likamtia nguvu kidogo.

"Bibi," mshauri alisema kwa heshima, lakini bila tabasamu, "nikueleze kwa nini niko mgumu. Wapo waliokalia kiti hicho wakaambiwa 'wa kike', hatukuwaona tena; mimba walikwenda kuzitoa kwingine. Kanuni hii sikuiweka kwa kupenda."

"Nakuelewa, na ningekuwa wewe ningefunga mlango kwa komeo mbili," alisema Bibi Pasi. "Maneno yale niliyasema. Ila nguo uliyoiona ilikuwa ndani nje. Ninayemwogopa ni wa kiume."

Mshauri aliweka kalamu chini.

"Mwanangu wa kwanza alikuwa mvulana. Akijigonga kwenye meza, goti linavimba kama boga. Majirani waliniuliza kama nampiga. Kaka yangu, tumbo moja na mimi, alijikata mguu shambani, jeraha ambalo wewe ungelifunga kitambaa ukaendelea kulima. Yeye hakuamka tena. Hakuna aliyeunganisha haya na yale. Sisi tulisema bahati mbaya imeipenda nyumba yetu." Alivuta pumzi. Fundi hakuthubutu kumgeukia. Maneno haya alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, naye alikuwa ameyangoja tangu utotoni. "Halafu lile jino. La utotoni, lilikuwa linacheza. Lilitoka lenyewe akila mkate, akacheka, akanionyesha. Nikambana kwa kitambaa. Nikabadilisha kitambaa. Nikabadilisha tena. Mimi ni dobi, mama. Damu ikiingia nguoni najua kuitoa: maji baridi, usithubutu kutumia ya moto. Lakini namna ya kuizuia isitoke kwa mtoto, sikuijua, na niliowauliza hawakuijua."

Nje, mtoto wa mtu alilia, akanyamazishwa.

"Kwa hiyo jinsia mnaitaka kwa ajili hiyo," alisema mshauri, sauti yake sasa imeshuka. Akamgeukia Fundi. "Na wakisema ni wa kiume?"

Hapo Fundi alifunguka kama mtu aliyeulizwa habari za kazi yake. "Sitazalia zahanati ya karibu. Nitazalia hospitali kuu, dawa ya kugandisha damu ikiwa tayari. Asivutwe kwa vyombo. Asichomwe sindano ya msuli kabla damu ya kitovu chake haijapimwa. Akionekana mzima, tunarudi nyumbani tukicheza. Akionekana anao, anaanza matibabu mara moja, na tunao marehemu wawili wa kutufundisha tusikosee: mjomba wangu, na kaka yangu wa soksi."

Bibi Pasi aliinamisha kichwa. Hakujua kama binti yake anakumbuka soksi.

Mshauri alisimama, akafungua kabati, akatoa mpira wa kufungia mkono. "Historia kama hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta jana. Hiyo si hamu, ni sababu. Kunja mkono wa shati."

Damu iliyochukuliwa ilikuwa kidogo sana, haingetosha kuharibu hata leso. Bibi Pasi aliitazama ikipanda ndani ya kichupa, nyekundu na tulivu, akashangaa kwamba mle ndani mna watu wawili. Walipokuwa wakitoka, aliwapita wanawake waliojipanga kwenye benchi za ukumbi, kila mmoja na tumbo lake na fumbo lake. Akajisemea kwamba zamani hata kama angekuja hapa, hakuna ambaye angemuuliza swali sahihi, wala yeye asingejua kwamba ana jibu.

*

Simu iliita duka likiwa limejaa. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha taa iliyokuwa ikikonyeza kila siku. Alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akasikiliza. Alisema ndiyo, akasema asante, akasema ndiyo tena. Wanawake wenye vikapu walijifanya wanatafuta namba za nguo zao.

"Ni wa kiume," alisema.

"Bibi Pasi hakosei!" mmoja alipiga kelele, na wengine wakaanza kumpigia makofi. Yeye aliinua kiganja, wakanyamaza. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona akiukataa ushindi.

"Leo sishangiliwi," alisema. "Nendeni mrudi saa kumi. Mashuka yenu hayaozi."

Walipokwisha kutoka, alivuta kiti akakaa mbele ya Fundi, aliyekuwa tena juu ya mfuko wa mashuka, mikono tumboni. Uso wake haukuwa na machozi. Ulikuwa uso wa fundi aliyeonyeshwa kasoro iko chumba gani.

"Mshauri ameshazungumza na hospitali kuu," alisema Fundi. "Wananingoja keshokutwa. Anasema nije na wewe, wanataka kukusikia."

"Nitakuja. Nitawaambia yote, na ya mjomba wako."

"Hutachoka kuyasema?"

"Kunyamaza ndiko kulikonichosha."

 Pasi ilipoa kwa milio midogo. Barabarani watoto walikuwa wakiufukuzia mpira, na mpira ukagonga ukuta wa duka, ukaenda. Bibi Pasi hakutoka kuwafokea kama kawaida yake. Aliwasikiliza mpaka wakapotea kona.

"Uliniuliza," alisema, "ningejua mapema, ningefanya nini."

Fundi aliinua macho.

"Ningemzaa. Ningemzaa na masikio yake yale. Ila ningejua ni kipi cha kuogopa, na mengine yote nisingeyaogopa. Ningemwacha atoke nje na wenziwe, mwanangu. Ningemwacha acheze."