Gari Lililoacha Kuchemsha

Kwa miaka mingi pikapu ya mzee Elisaria ilikuwa na desturi ya kuchemsha Magomeni. Ilitoka dukani kwake Kariakoo salama salimini, lakini foleni ya Jangwani ilipoikaba, mvuke ulianza kufuka kwenye boneti, naye akakata kona hadi mbele ya nyumba ya Bi Moza, mjane wa Lindi aliyekaanga vitumbua barazani.

"Hodi, Bi Moza. Naomba maji."

"Karibu. Ila wewe nawe! Unawauzia watu wote wa Dar ndoo, umeshindwa kubeba hata moja yenye maji?"

"Mganga hajigangi," alijibu, akaketi kungoja rejeta ipoe.

Rejeta haikuhitaji nusu ya muda aliokaa. Walizungumza juu ya watoto, juu ya mvua, juu ya marehemu mkewe na marehemu mumewe. Majirani waliiona boneti iliyo wazi, wakasalimu, wakaenda zao. Boneti ile ndiyo iliyowasitiri. Bila hiyo, Mchaga wa kanisani kuketi jioni kwa mjane wa Kiislamu kungezaa maneno ambayo yangefika Ilala kabla ya magharibi.

Binti yake, Jacqueline, ndiye aliyechoka. "Baba, gari hii inatuaibisha. Twende gereji kule Gerezani, fundi Khalfani akufungie feni za umeme."

Angeweza kukataa, lakini angetoa sababu gani? Alisimama akimtazama Khalfani akiing'oa feni ya zamani iliyozungushwa na mkanda wa injini, akifunga feni mbili mpya kwenye rejeta, akivuta nyaya hadi kwenye betri na kupachika kifaa cha kupima joto.

"Injini ikipata moto zinajiwasha zenyewe, mzee. Kwenye foleni wewe sinzia tu!"

Feni zikavuma. Jacqueline akapiga makofi. Elisaria akashukuru kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile alifika Magomeni mshale wa joto umetulia. Akapunguza mwendo penye kona. Angeifungua boneti kwa lipi? Akapita. Kesho yake akapita tena, na kila alipopita, kusimama kulizidi kuwa kugumu, kwa kuwa sasa angepaswa kueleza pia kwa nini alipotea. Masika yakaja, yakaisha.

Siku alipojikaza akakata kona, baraza lilikuwa tupu. Akatoka mwanamke kijana.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Candida, mpangaji."

"Marahaba, mwanangu. Namuulizia Bi Moza."

"Amehamia Lindi kwa mwanawe." Akamtazama, kisha akaitazama pikapu. "Kumbe wewe ndiye baba wa ndoo! Alikuwa anaiona gari yako ikipita kule barabarani. Anasema imepona, siku hizi haina kiu."

Candida, kwa wema wake, alikwisha kupiga simu.

"Bi Moza, shikamoo! Kuna mgeni wako hapa." Akamgeukia, akanong'ona, "Nimwambie una shida gani?"

Elisaria akatafuta shida, shida yoyote ya heshima. Aliyokuwa nayo haikuwa na jina ambalo mzee angelitamka barazani, mchana, mbele ya mtoto wa watu.

"Mwambie gari ni nzima."

"Hilo tu, baba?"

"Hilo tu."

"Mgeni gani, Candida?" sauti ya Bi Moza iliuliza simuni, lakini Elisaria alikwisha kuushika mlango wa gari.