Kanzu ya Kondo

Kwenye matanga ya Zaidi, kijijini Umwe, wali ulikuwa umekwisha kupakuliwa marehemu alipoingia uani na kumwuliza shemeji yake jembe lake liko wapi.

"Jembe lipi?"

"Lile ulilolitia mpini mpya ili nisilitambue. Nimekufa, sikupofuka."

Watu walicheka, mjane akiwa wa kwanza, na jembe likaletwa. Aliyesimama pale alikuwa Siti binti Mtoro, mtani wa ukoo ule, aliyetoka Mahege kuja kufanya kazi ya watani: kuvaa nguo ya maiti na kumwiga mbele ya wafiwa. Watani wengine waliiga tu. Siti akishavaa kanzu alirefuka au alifupika kadiri ya marehemu, akaota ndevu zake, akapungukiwa na meno yale yale, na hali hiyo haikumtoka mpaka wafiwa wamtie jogoo mikononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya mtani. Jogoo akishashikwa, kanzu ilivuliwa, na Siti aliomba maji ya kunywa.

Mzee Mshamu wa Mtunda aliyatazama haya akiwa ameketi nyuma ya watu wote, mgongo umenyooka, tasbihi mkononi. Alikuwa amehitimu Kurani, hakuhudhuria ngoma, na wajukuu zake hawakuwahi kumwona akicheka. Hata hivyo hakukosa matanga ambayo Siti alikuwapo, hata ya watu asiowajua. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba mzee amefuata dua. Kweli ni kwamba alifuata ile pumzi moja ambamo bega la Siti huanza kuwa la mtu mwingine. Alitaka kujua linaanzia wapi, shingoni au kwenye kiwiko, na kwa miaka yote hiyo hakupagundua.

Siku hiyo alimngojea njiani.

"Mtani, nina kazi yako Mtunda."

"Nani amekufa, babu?"

"Sijui kama amekufa."

Kondo, mjukuu wake, alikwenda milima ya Umatumbi vita vilipoanza, akiwa amenyunyiziwa maji ya dawa, yenye mtama ndani, yaliyosemwa kuwa yatazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Sasa masika yalikuwa yameingia na hakuna aliyeleta habari zake. Mkewe Mwamini hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kukaa eda wala kuolewa. Lakini Mshamu alikuwa amemtazama Siti kwa muda mrefu kiasi cha kujua kwamba hawezi kumwiga aliye hai. Alipojaribu kumwiga akida, msimamizi wa Wajerumani, alibaki Siti aliyevaa kilemba.

"Kwa hiyo nikishindwa, yu mzima," Siti alisema.

"Ukishindwa, nitakupa majogoo wawili."

"Babu, hujawahi kunisifu hata siku moja, leo waniahidi zawadi nikiboronga!"

Ilikuwa alasiri, uani kwa Mshamu, Mwamini alipoileta kanzu ya mumewe. Mzee, kwa mara ya kwanza, alimwomba Mungu mtani yule aigize vibaya. Siti akaivaa. Ikamburuta chini. Akatembea kama mwanamke aliyevaa nguo ya mwanamume, akajikwaa, na Mwamini akaanza kutabasamu.

Kisha kanzu ikaacha kuburuta.

"Babu," Kondo alisema, "mbona umekalia kigoda changu?"

Kifuani kanzu ilikuwa na matundu matatu, na katika kila tundu yalitiririka maji masafi yenye punje za mtama. Kondo aliyatazama.

"Risasi ziligeuka maji kweli. Ila zilikuwa zimekwisha kuingia."

Mwamini aliyakinga kwa bakuli mpaka likajaa, akaliweka chini polepole, akaingia ndani kuanza eda.

Mshamu alikwenda bandani kumkamata jogoo, na jogoo akamsumbua. Aliporudi alimkuta askari wa akida, aliyekuwa akipita kukusanya watu wa kupalilia pamba, amekwisha kumshika Kondo mkono.

"Tangu vita vianze jembe lako halijagusa shamba la akida."

"Mimi nimekufa, bwana askari."

"Utamweleza mwenyewe. Pita mbele."

Kesho yake Mshamu alimpeleka jogoo shambani. Askari alimpokea jogoo kabla hajafika mikononi mwa Kondo, akashukuru kwa adabu, akamla. Jogoo wa pili alikwenda njia hiyo hiyo, na kwa njaa ya vita hakukuwa na wa tatu Mtunda nzima. Mzee akaenda kwa akida. Akida alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya msiba, akasema marehemu ataondoka pamba ikishachumwa.

Siti hakurudi Mahege, na katika vijiji vya jirani watu wakazikwa bila kutaniwa naye. Shambani, mstari wa Kondo ulinyweshwa na kifua chake, ukastawi kuliko mingine, na akida akaagiza apewe mistari zaidi.

Kila siku Mshamu alikuja kuketi ukingoni, mgongo umenyooka. Bega lilikuwa lenyewe, sauti yenyewe. Tangu utotoni Kondo alikuwa na tabia ya kuyaruka magugu yaliyo karibu na shina. Mzee alitazama gugu la kwanza likirukwa, na la pili, akafuta macho yake kwa ncha ya kilemba.

"Rudi nyuma, Kondo," alisema kwa ukali. "Umeacha majani."

"Naam, babu," Kondo alijibu, akarudi.