Mapango Saba Hewani

Alhamisi asubuhi Graeme Tulloch, mkaguzi wa miti wa halmashauri, aliegesha pikapu mbele ya nyumba ya Noreen Pascoe, akaokota maganda mawili ya mbegu chini ya mti mkubwa wa kando ya barabara, akayalinganisha na picha kitabuni. Akaandika: mkalitusi wa kupandwa, si wa hapa, hauna faida kwa wanyama. Barabara ilitakiwa kupanuliwa.

"Hayo yamedondoshwa na kasuku," Noreen alimwambia kutoka upande wa pili wa uzio. "Wanayatoa shambani kwa majirani, kina Keogh. Huu wetu maganda yake madogo kama pilipili manga. Tazama juu, mwanangu, acha kutazama viatu vyako."

"Shingo inaniuma, mama. Halafu fomu nimeshasaini."

Jumatatu wafanyakazi wa halmashauri wakaukata. Ulikuwa mkalitusi wa kienyeji wa miaka mia tatu, katika nchi ambayo ndiyo asili ya mikalitusi, na pango moja tu la kumtosha bundi huchukua zaidi ya karne kutoboka. Huu ulikuwa nayo saba. Noreen aliyajua yote kama vyumba vya nyumba yake. Aliingia ndani akalia kwa hasira.

Jioni ile kasuku walirudi, wakaingia mapangoni mwao, mita kumi na moja juu ya kisiki, penye hewa tupu. Posamu nao, wanyama wadogo wa usiku walalao ndani ya miti, mikia ikining'inia, walipanda shina lisilokuwapo. Magari yalipunguza mwendo kuwapisha. Muuza nyama wa mtaani alilalamika tu kwamba wanamchafulia gari.

Noreen akampigia Graeme simu. Alikuja, na safari hii alitazama juu, akahesabu mpaka saba.

"Basi yalinde," Noreen alisema.

"Kwa jina la mti gani? Fomu inataka gome, jani, ua. Nipe hata jani moja."

Noreen alikuwa nalo, jani la mti uleule, limekaa ndani ya kitabu cha mapishi tangu harusi yake. Graeme alilisugua, akanusa, akakiri kwamba alikosea. Akaandika jina sahihi. Kwenye mstari unaofuata, hali ya mti, akaandika: umekatwa. Faili likafungwa.

Mapango yasiyo na mti hayadumu. Yalijifunga moja baada ya jingine, na mwezi Septemba, msimu wa kutaga, la mwisho likajifunga. Noreen alitandika blanketi chini yake, juu ya lami mpya, ili lipokee mayai. Mawili yaliangukia pembeni ya blanketi. Yalikuwa bado na joto.

Alipoinua kichwa aliiona pikapu ya halmashauri mbele kidogo, chini ya mti unaofuata. Graeme alikuwa ameinama, anaokota maganda ya mbegu.