Ubeti wa Tatu wa Mzee Hollis

Katika nyimbo zetu za milimani, ubeti wa tatu ndio unaoliza watu. Wa kwanza binti ni mdogo, wa pili anakua, wa tatu anaolewa na baba anabaki peke yake. Kazi hiyo naijua. Sikufundishwa na mtu, niliisikiliza kwenye redio ya trekta mpaka ikaniingia, na katika bonde letu lote la Kentucky hakuna wa kunishinda kupanga vina.

Kwa hiyo Mzee Hollis Pruitt aliponijia wiki tatu kabla ya harusi ya bintiye Lorna Kay, sikushangaa. Mwaka jana trekta lilimpindukia likamvunja goti. Harusini kwetu baba hucheza na binti wimbo mmoja, ukumbi mzima ukitazama, na yeye hata kutembea ni kwa fimbo.

"Kucheza siwezi," alisema. "Ila sitaki asimame pale kama hana baba. Nitamwimbia. Nitungie, Tavis."

Nikatunga. Tukafanya mazoezi barazani kwake. Beti mbili alizipenda. Wa tatu ulianza hivi:

*Leo unatoka kwangu, taa nyumbani zazima,*
*Kiti chako mezani nitakilinda daima.*

"Huu hapana," akasema.

"Mzee, huo ndio wimbo wenyewe! Hapo hata dada yako Opal, na roho yake ya chuma, atalia."

"Kwani nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa taa zinazimwa za nini? Dogo, Lorna anahamia ng'ambo ya kijito. Nikikaa hapa hapa nitaona moshi wa jiko lake."

"Ukibadilisha neno moja, tafuta mwingine wa kukupigia gitaa."

Akacheka puani. "Una kiburi kuliko nyumbu wangu." Lakini mpiga gitaa mwingine hakuwa naye, akakubali.

Jumamosi ya harusi ghala la tumbaku lilifagiliwa, meza zikajaa nyama ya nguruwe na mkate wa mahindi. Mzee Hollis alipanda jukwaani na buti mpya, kofia mkononi.

"Nikikwama je?"

"Hukwami. Niko nyuma yako."

Beti mbili zilikwenda vizuri. Lorna Kay alisimama chini yetu na mumewe Dwight, akicheka na kujifuta macho. Nikaingia wa tatu. Mzee kimya. Nikauzungusha muziki tena. Kimya.

"Leo unatoka kwangu," nikamnong'oneza kwa hasira.

Akatikisa kichwa. Jasho lilimtoka, na watu walianza kutazamana. Mimi nilikuwa na maikrofoni yangu mbele ya mdomo. Ningeuimba mwenyewe, ghala zima lingelia, na kila mtu angeuliza nani katunga. Mdomo nilikwisha kuufungua. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akimtazama binti yake, kama mtu aliyeahidi kitu na mikono yake iko mitupu.

Nikaufunga. Nikapunguza gitaa.

"Ongea tu, mzee. Mimi nazungusha."

Akavuta pumzi. "Lorna, dogo huyu alinitungia ubeti mzuri. Lakini ni wa huzuni, na mimi leo sina huzuni. Ulipokuwa na miaka tisa ulirudisha trela kinyumenyume mpaka humu ndani bila kugusa nguzo. Siku ile nikajua wewe popote utafika. Huyu Dwight kurudisha trela hawezi."

"Najaribu!" Dwight akapiga kelele.

"Uzio wangu aliougonga unajua!" mtu akadakia, na ghala zima likavunjika mbavu kwa kicheko.

"Basi mfundishe, mwanangu, taratibu. Nakupenda. Kesho njoo unywe kahawa."

Lorna Kay akakunja gauni, akapanda jukwaani, akamnyang'anya fimbo na kumrushia Dwight. Akauweka mkono wa baba yake begani.

"Egemea hapa, Baba."

"Nitakukanyaga."

"Nikanyage." Akanigeukia. "Na wewe Tavis, ole wako uache kupiga!"

Nilipiga mpaka vidole vikaniwaka. Waliyumba tu, hatua mbili huku, mbili kule, goti likilalamika na mzee akicheka.

Niliposhuka, Opal alikuwa akinisubiri kando ya meza ya keki, pua nyekundu kwa kulia.

"Ule ubeti wa mwisho umeutoa wapi, kijana?"

"Si wangu, mama," nikamjibu. Maishani mwangu sijawahi kusema hivyo kuhusu wimbo wowote.